Medali Mbili za Sajini Aliyerithiwa Akiwa Hai

Acheni kwanza kuniita shujaa. Najua uvumi ulipoanzia. Mwalimu wenu wa historia alisikia kwamba zamani nilifanya kazi na medali za vita, akaliambia darasa zima kwamba hapa Bondeni yuko mzee aliyepigana Burma. Sasa kila nikitoka kununua maziwa nakuta vijana wamesimama wima wananipigia saluti, wengine kwa mkono wa kushoto. Burma sijui hata iko upande gani wa jua. Mbali kabisa nilikofika maishani ni Longonot, kwa harusi ya binamu yangu, na nilitakiwa kulala huko. Nilikiangalia kitanda nilichopewa, nikaaga vizuri, nikapanda treni ya jioni nikarudi kwa mama.

Medali nilizishona. Ni hivyo tu. Nilikuwa fundi cherehani, na miaka ile ya hamsini sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuwavalisha vita watu waliokwenda vitani, mimi mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye varanda ya duka la Mhindi, miguu kwenye pedali, chai pembeni.

Mnashangaa kwamba medali hushonwa. Hata wenyewe walishangaa. Medali ilikuja kwenye kiboksi kidogo cha karatasi ngumu, na utepe wake umekunjwa kando, havijashikana. Askari akifungua anaona kipande cha chuma na kipande cha kitambaa, haelewi vinakutana wapi. Wengine walitoboa kabuti wakafunga kwa waya. Mmoja kutoka Njoro alikuja na yake imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, kama kengele ya mbuzi kiongozi, na alikuwa ameridhika kabisa. Aliyemleta ni mke wake.

Basi sikilizeni, huenda mkapata kazi siku moja simu zenu zikiisha chaji. Unakata kitambaa kigumu cha kola, upana wa medali zote zikikaa pamoja. Unakivika utepe, unarudisha chini, unashona kwa nyuma ili uzi usionekane, halafu unatia pini. Uzi unapitishwa kwanza kwenye nta ya nyuki, la sivyo utalegea mwenye nazo akipiga mguu chini. Utepe wa hariri usiuonyeshe maji, maana rangi zitahamia kwa jirani. Na waambie wake za askari wasisugue chuma kwa jivu. Nimeona kichwa cha mfalme kilichosuguliwa mpaka kikabaki hakina pua.

Haya yote nilifundishwa na Fundi Rajabu, Mnubi wa hapa Bondeni, aliyekuwa fundi nguo wa jeshi la mfalme tangu vita vya kwanza. Mtu mkavu, mnyoofu kama rula, ndevu chache nyeupe. Kwake kulikuwa na namna mbili tu za kufanya jambo: namna ya jeshi na namna ya wendawazimu. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha pili, kwa hiyo nilidhani najua kushoto na kulia. Sheria inasema medali yenye cheo ikae karibu na vifungo vya koti, nyingine zifuate kuelekea mkono. Nikashona. Nilishona za wazee wa lori zima waliotoka Molo, zote zikiwa zimegeuka, kubwa imekwenda kwapani na ndogo iko mbele inajisifu.

Fundi Rajabu alizitazama kwa muda. "Wewe unamshonea anayevaa, au unajishonea wewe unayemtazama?"

Nikamwambia sijui. Na kweli sikujua. Mpaka leo nikiambiwa pinda kushoto nasimama kwanza najishika kifua.

Lakini kitu kilichonivuruga akili kuliko vyote ni utepe mmoja wa vita vile vya kwanza, vya babu zenu. Una rangi za upinde wa mvua, nyekundu katikati, zambarau kwenye kingo. Siku moja analeta Mwingereza wa shamba la Subukia: upinde wa mvua, na chini yake mwanamke mwenye mabawa. Wiki inayofuata analeta Mtaliano, fundi wa mawe: upinde ule ule, lakini mwanamke mwingine. Halafu anakuja Mbelgiji mmoja mnene anayelima Ndabibi, kule nyuma ya ziwa la Naivasha. Utepe ni ule ule, na mwanamke mwingine tena, amepanua mikono kama anayefukuza kuku. Nikamwambia Fundi Rajabu kuna mtu anawauzia Wazungu medali bandia.

"Bandia ni wewe," akasema. "Walioshinda vita vile walikuwa mataifa mengi. Wakakubaliana utepe uwe mmoja kwa wote, halafu kila taifa lichore mwanamke wake."

Nikauliza kwa nini wasikubaliane na mwanamke mmoja pia. Akaniuliza kama nimeoa. Nikasema bado. "Basi shona," akasema.

Sasa niwaambie habari ya Sajini Kimosop, kwa sababu ndiyo ninayoikumbuka kila Novemba, na bado sijui niiweke kwenye fungu gani, la kucheka au la kutikisa kichwa.

Sajini Kimosop alikuwa Mkipsigis, mtu mzima, mrefu, aliyechunga na kuishi na jamaa yake kwenye shamba la mzungu huko Kabazi. Ujanani alipigana vita vile vya kwanza, akafika hadi Tabora kwa miguu. Alikuwa na medali mbili. Moja ya fedha, yenye kichwa cha mfalme, na utepe wake wa rangi ya chungwa na buluu. Nyingine ya shaba inayong'aa, mwanamke mwenye mabawa, utepe wa upinde wa mvua. Na alikuwa na wake wawili: Mama Kiptoo mkubwa, na Mama Cherono mdogo.

Alikuja varandani asubuhi moja akakaa, akatazama cherehani yangu ikienda. Nikamsalimia, "Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Ningekuwa hai ningekuletea kazi."

Nikasimamisha pedali.

Akanieleza. Mwaka uliopita aliugua kifua vibaya. Alipoona hapati pumzi, aliwaita watu wa nyumba zake mbili, akagawa kila kitu kama desturi inavyotaka, kila nyumba fungu lake. Ng'ombe, mbuzi, mkuki, mpaka blanketi. Mwisho akagawa medali: ya mfalme kwa nyumba kubwa, ya mwanamke mwenye mabawa kwa nyumba ndogo. Akatemea mate ya baraka juu ya kila kitu. Akalala, akageukia ukutani, akasubiri.

"Halafu?"

"Halafu nikapona."

"Tunamshukuru Mungu."

"Wewe unashukuru. Mimi sijui." Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu aliyepotea njia anayeuliza. "Kitu kilichogawiwa na mtu aliyeko kitandani hakirudi. Ng'ombe sina. Hilo si neno, hata sasa nawaona kila siku. Lakini nikiamka nakuta mambo yamekwisha kuamuliwa. Kwenye mtungi wa pombe, mrija wangu anauvuta mwanangu Kiptoo, na mahali pangu amekaa Kiptoo. Si kwamba wananidharau. Wananipa chakula kizuri. Wananipa kama vile mtu anavyowekea mizimu."

Mimi nilikuwa kijana wa nyumbani, mambo ya mizimu niliyasikia kwa mbali. Nikamuuliza anataka nimfanyie nini.

Novemba hiyo, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, askari wote wa zamani walikuwa wameitwa kwenye gwaride hapa mjini. Alitaka kusimama pale na medali zake zote mbili. "Siku moja tu," akasema. "Watu wangu wanione nikihesabiwa na walio hai. Nikivaa moja nitakuwa nimesema nyumba nyingine si yangu. Kuomba zirudi siwezi. Lakini kuazima naweza. Hata jirani huazima jembe."

Basi akaenda kuazima medali zake kwa wake zake mwenyewe. Mimi nikarudi kwenye suruali niliyokuwa naikata, nikagundua nimeikata miguu miwili ya kulia.

Mama Kiptoo alifika peke yake, na medali ya mfalme amefunga kwenye pindo la leso. Akaifungua juu ya meza yangu. Utepe ulikuwa umekwisha kabisa, zilibaki nyuzi.

"Angalia. Kama mkia wa panya. Na ile ya nyumba ndogo inawaka kama nini. Nitamwazima mume wangu, ndiyo, lakini siwezi kuaibishwa mbele ya mji. Tia utepe mpya."

Nikatafuta. Ule wa chungwa na buluu haukuwapo, si kwetu tu, hata Nairobi. Ungeletwa na meli, na meli haingewahi gwaride. Ulioko ulikuwa mmoja: bunda zima la upinde wa mvua ambalo Fundi Rajabu alitoka nalo jeshini.

"Nipe huo," akasema Mama Kiptoo.

"Mama, huo si wake. Kila medali ina utepe wake. Imekatazwa."

"Amekataza nani?"

"Mfalme."

"Mfalme si alikufa? Sasa hivi anayekaa pale ni mama. Mwambie mimi pia ni mama."

Akaondoka, medali akaiacha, na neno likabaki pale pale: upinde wa mvua, au haazimi.

Mama Cherono alikuja kesho yake, mdogo wa umbo, mpole wa sauti, mgumu kama kokoto. Yake ilikuwa imefungwa kwa pamba. Nikamweleza tatizo, nikitumaini atanionea huruma. Akafikiri. "Mkubwa akitaka utepe wangu, apewe," akasema. "Lakini usikate vipande viwili. Ukikata, kesho watu watasema kipande chake ni kirefu. Shona zote kwa kipande kimoja."

Nikampelekea Fundi Rajabu shauri hilo lote, yeye akiwa amekaa na miwani yake akitia uzi kwenye sindano. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Medali ya mfalme kwenye utepe wa ushindi," akasema polepole, kama anayesoma mashtaka. "Ofisa akimkamata atasema mzee huyu ameokota medali. Atamtoa kwenye mstari mbele ya watu. Unaelewa? Wewe unataka afufuke, atakufa mara ya pili, tena kwa aibu."

"Sasa tumwambie asivae?"

Alitazama medali ile ya fedha, akaigeuza, akasoma pembeni mwake mahali palipochorwa namba na jina la Kimosop. Vita vile vya kwanza walichora majina. Vya pili mambo yalikuwa mengi, wakaacha.

"Mimi naenda kunywa kahawa," akasema. "Nimeshona namna ya jeshi maisha yangu yote. Nikirudi sitaki kuona kitu chochote juu ya meza hii."

Na kahawa yake ilikuwa hatua chache tu kutoka pale, lakini siku hiyo aliinywa mpaka adhuhuri. Nikashona. Kipande kimoja cha upinde wa mvua, kimepinda, kimerudi, kimepinda tena, mfalme upande wa vifungo na mwanamke upande wa mkono. Nilitia nta mara mbili. Na sikujua naogopea shingo ya nani.

Asubuhi ya gwaride nilikwenda na sindano kwenye kola, maana hakuna gwaride lisiloangusha kifungo. Nikasimama nyuma ya kamba na watu wengine, na kwa bahati mbaya yangu Mama Kiptoo akanijia upande mmoja na Mama Cherono upande wa pili. Wazee walikuwa wamepangwa mstari mrefu, makabuti juani. Ng'ambo, chini ya turubai, kulikuwa na viti vya wageni: Wazungu wa mashamba, mabibi wenye kofia, na pembeni safu fupi waliyowekewa askari wa zamani wa mataifa rafiki. Nikamwona Mtaliano wangu. Nikamwona Mbelgiji wa Ndabibi anajifuta jasho.

Ofisa aliyekuja kukagua alikuwa kijana mwekundu, hata hakuwa amezaliwa wakati wa vita vya Sajini Kimosop. Alikuwa ametoka kuwapa mkono wale wa mataifa rafiki. Akaupitia mstari wa wazee harakaharaka, akampita Sajini Kimosop, akasimama, akarudi.

Nikahisi sindano inanichoma shingoni.

Ofisa akainama akatazama kifua. Akatazama ng'ambo, kwenye kifua cha Mbelgiji, penye utepe ule ule juu ya mwanamke mwingine. Akatazama tena. Akasema kwa Kiswahili chao kile cha shambani, kwa sauti ya kusikika na watu wote:

"Sajini, wewe nashika mbili? Napigana kwa sisi, napigana kwa rafiki ya Congo pia?"

"Ndiyo, afande," akasema Sajini Kimosop.

Baadaye nilimuuliza kwa nini alisema hivyo. Akaniambia jeshini swali la ofisa lina jibu moja, na hakuwa amesikia hata neno, masikio yalikuwa yanavuma.

Ofisa akapiga saluti. Kisha akamshika mzee kiwiko, akamtoa kwenye mstari, na hapo Mama Kiptoo alinishika mkono kwa nguvu ambayo sijaisahau. Lakini hakumpeleka nje. Akamvusha uwanja mzima, wazee wote wakitazama, akampeleka chini ya turubai kwenye safu ya mataifa rafiki, akamwonyesha kiti. Kiti, nawaambieni. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, mimi kutembea tu kutoka Bondeni hadi stesheni lazima niwe na karatasi mfukoni, na Sajini Kimosop wa Kabazi amekaa chini ya kivuli kati ya Mtaliano na Mbelgiji.

Yule Mbelgiji alikitazama kifua cha jirani yake. Alielewa mara moja. Sajini alisema baadaye aliona macho yake yakielewa. Akasogeza kiti chake kidogo ili mzee apate nafasi ya magoti, akamnong'oneza kwa Kiswahili cha Congo, "Mzee, ile moja ni ya mfalme wao, naijua. Nyamaza tu. Tabora ulifika?"

"Nilifika."

"Watu wetu walikula kuku wenu."

"Nakumbuka," akasema Sajini.

Huku kwetu nyuma ya kamba hakuna aliyesikia hayo. Wake zake walikuwa wanagombana kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, ili mimi niwe shahidi.

"Ni mfalme wangu amemweka pale."

"Mfalme ana mabawa? Huyo amerushwa na wangu."

"Fundi, sema wewe."

Nikasema mimi ni fundi wa suruali.

Gwaride lilipoisha walikuja varandani wote watatu. Ilikuwa lazima kila medali irudi nyumbani kwake kabla lori la Kabazi halijaondoka. Ndiyo yalikuwa mapatano. Sajini Kimosop alivua kabuti mwenyewe, akanipa, hakunitazama. Nikatoa pini. Nikachukua wembe, nikaugeuza utepe nitafute mahali.

"Unakata wapi?" akauliza Mama Kiptoo.

"Katikati, Mama."

"Upande wangu utabaki na ncha mbichi."

"Basi nitakata upande huu."

"Huo ni wangu," akasema Mama Cherono.

Nikasimama na wembe juu. Nje lori la Kabazi lilikuwa linapiga honi. Wale wanawake wawili walikuwa hawatazami utepe tena. Walikuwa wanamtazama mume wao, aliyebaki na shati tu, mikono kwenye magoti, anangoja kama alivyongoja siku ile alipogeukia ukutani.

"Dada," akasema Mama Cherono, na ndiyo mara ya kwanza nilisikia akimwita hivyo, "sisi tulichukua haraka."

"Wewe ulichukua mbuzi kabla mume wetu hajamaliza kukohoa."

"Na wewe ng'ombe."

Mama Kiptoo akanipokonya zile medali. Nikadhani amekwenda nazo. Akalichukua kabuti, akamvalisha mzee mkono mmoja, kisha wa pili, kama mtoto anayekwenda shule, akatia pini kifuani, akaipiga kwa kiganja ikae sawa. "Akae nazo," akaniambia mimi, kana kwamba nimebisha. "Siku atakayokufa vizuri tutakuja utukatie."

Nikasema sawa, Mama.

Akaanza kushuka ngazi za varanda, akasimama, akageuka.

"Baba Kiptoo. Yule fahali mwekundu, Kiptoo anataka kumhasi Jumatatu. Wewe unasemaje?"

Sajini Kimosop aliinua uso. Alimtazama mke wake mkubwa, akamtazama mdogo. Honi ikalia tena, na dereva akatoa kichwa dirishani akauliza kama kuna watu wanaokwenda Kabazi au la.

"Nitafikiria," akasema mzee.

Akarudi akakaa kwenye kigoda, akaegemea ukuta, akaanza kufikiria. Wake zake wakasimama pale wakisubiri.